Mijusi Wawili Wasifugwe Pamoja

Nina maoni juu ya jambo ambalo wengine watalicheka, nalo ni ufugaji wa mijusi.

Huku Uingereza ninakokaa, wako watu wafugao mijusi nyumbani kama wengine wafugavyo paka. Mmoja wa wapendwao sana ni mjusi wa kishungi, ambaye kwao ni New Caledonia katika bahari ya Pasifiki. Ni jamaa ya yule mjusi kafiri aliyekuwa akitembea darini mwa bweni letu, ila huyu ana vimiba laini juu ya macho mfano wa kope, tena hula matunda pamoja na wadudu. Wataalamu walidhani ametoweka duniani, mpaka alipoonekana tena mwaka 1994.

Binti yangu alitaka wawili, ati mmoja atakuwa mpweke. Muuzaji akatuambia wote ni majike. Tukawatia katika sanduku moja dogo la kioo. Walipokua ikadhihirika kuwa wote ni madume, maana wakiwa wachanga si rahisi kuwatambua. Asubuhi moja tukakuta mkia umelala chini peke yake. Mjusi kafiri wa kwetu akikatika mkia huota mwingine. Huyu wa kishungi haoti tena maisha yake yote.

Tangu siku hiyo nasema kila mmoja apewe sanduku lake. Rafiki yangu mmoja, naye ni mwanafunzi wa zamani, hunipinga: mbona sisi tulilala watu thelathini bweni moja na tukakua? Lakini sisi tulikuwa tukitafutana. Mjusi huyu hatafuti mwenziwe ila kwa kuzaana. Madume hupigana. Dume akikaa na jike, jike hutaga mayai mawili mawili tena na tena, hata chokaa ya mifupa yake ikapungua. Majike peke yao pengine hupatana, siwabishii wanaowafuga hivyo, lakini mkubwa aweza kumzuilia mdogo chakula, na mwenye nyumba asijue mpaka amekonda.

Na sanduku lenyewe liwe refu kwenda juu, kwa sababu huyu ni mpanda miti. Mkubwa mmoja asipewe chini ya sentimita 45 kwa 45, na kimo cha 60. Lijazwe matawi na majani ya kujifichia, maana sanduku kubwa tupu humtia hofu. Joto lisipite nyuzi 28.

Nanyi wanafunzi mnaotia vinyonga wawili watatu katika kasha moja la viatu, kama tulivyofanya sisi, maneno haya yanawahusu pia. Kinyonga naye hapendi kumwona mwenziwe kutwa.

Sanduku la pili lilinigharimu kuliko mijusi wote wawili, na binti yangu alinuna siku mbili. Sasa yule asiye na mkia hutoka kila jioni kula.