Sifuri Nayo Ina Wenyewe

Muhula uliopita, hapa Nchelenge, tuliwapa wanafunzi wetu wa Kiswahili insha yenye kichwa "Mchezaji Ninayemstahi". Wanafunzi hao ni mchanganyiko: wamo vijana wa shule, na wamo wachuuzi wa samaki wa soko la Kashikishi wanaotaka kuelewana vyema na wenzao wanaovuka ziwa kutoka Kilwa ya Katanga. Tulizisahihisha insha zote. Hatukuona hata moja iliyomsifu mlinzi. Hata kijana mmoja ambaye sisi wenyewe humwona kila Jumamosi akicheza nyuma, katika uwanja wa mchanga wa kando ya ziwa, alimwandika mshambuliaji. Tulipomwuliza sababu, alijibu: "Mwalimu, mlinzi ataandikwa nini? Kazi yake ni kuzuia tu."

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kushika kalamu. Twasema waziwazi kwamba kosa si la kijana huyo. Kosa ni la walimu, watangazaji na waandishi, yaani sisi tulio walezi wa lugha, tuliomzoeza kuamini kwamba historia ya kandanda ni historia ya mabao.

Hebu na tuitazame lugha yenyewe. Mfungaji tumempa misemo tele: hutikisa nyavu, huzifumania nyavu, hupachika bao, huutumbukiza mpira kimiani. Mlinzi je? Huambiwa kwamba "ameokoa" au "ameondosha hatari", kisha mtangazaji humwacha hapo hapo na kuufuata mpira. Katika mitaa ya Tanzania, "beki tatu" limekuwa jina la kejeli la mtumishi wa nyumbani. Hatusemi kwamba utumishi wa nyumbani ni kazi duni. Twasema kwamba waliolibuni jina hilo waliziona kazi zote mbili kuwa duni, na sisi tumecheka pamoja nao.

Sasa tuingie katika historia, na tuanzie ng'ambo ya ziwa letu. Mwezi Machi 1974, huko Cairo, Zambia ilikutana na Zaire katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Mchezo wa kwanza uliisha kwa sare ya 2–2. Siku mbili baadaye ulirudiwa, na Zaire ikashinda 2–0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano hayo akiwa na mabao 9, idadi ambayo hadi leo haijafikiwa na mtu katika mashindano ya mwaka mmoja. Ndaye anastahili sifa zake. Lakini nani aliyeizuia Zambia isipate hata bao moja katika mchezo wa marudiano? Katika kikosi kile alikuwamo Bwanga Tshimen wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mlinzi ambaye jarida la France Football lilikuwa limemtunuku zawadi ya mchezaji bora wa Afrika ya mwaka 1973. Vijana wetu wanaishabikia Mazembe usiku na mchana, lakini jina la Bwanga hawalijui.

Alikuwamo pia Mwepu Ilunga, beki wa kulia. Huyu dunia inamjua, na heri isingemjua kwa namna hiyo. Tarehe 22 Juni 1974, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, Brazil walipokuwa wakijiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka ukutani akaupiga mpira ule mbali. Kwa miaka mingi picha hiyo imeonyeshwa Ulaya kama kichekesho: tazameni Mwafrika asiyejua sheria! Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vyema. Alifanya vile kwa makusudi, katika timu iliyokuwa imedhulumiwa fedha zake na kutishwa na wakubwa wa nchi yake. Bingwa wa Afrika alifariki mwaka 2015 akiwa bado anakumbukwa kwa teke moja. Mshambuliaji akikosea mara mia husamehewa kwa bao moja. Mlinzi hutimiza kazi mara mia, kisha akahukumiwa kwa kosa moja, na Mwepu akahukumiwa hata kwa lisilokuwa kosa la kutojua.

Wenzetu wa Tanzania nao wasicheke. Mwaka 1979 Taifa Stars iliitoa Zambia na kufuzu kwa fainali za Lagos za mwaka 1980. Kila Mtanzania wa umri wetu amesimuliwa bao la Peter Tino lililoleta sare ya 1–1 huko Ndola. Lakini sare ile ilitosha kwa sababu Dar es Salaam Tanzania ilikuwa imeshinda 1–0. Katika michezo miwili Zambia ilipata bao moja tu. Lau Zambia ingaliongeza mabao mawili mengine Ndola, bao la Tino lingalikuwa faraja tu. Walinzi wa enzi hiyo, kina Leodegar Tenga na Jellah Mtagwa, wana haki ya kutajwa katika pumzi ile ile anayotajwa Tino.

Hapa Zambia hali ni hiyo hiyo. Mwezi Septemba 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, tuliifunga Italia 4–0. Mabao matatu ya Kalusha Bwalya kila mtoto anayaimba. Lakini matokeo yale yana tarakimu mbili, na ile ya pili, yaani sifuri, hatujamwuliza mtu ni ya nani. Tarehe 27 Aprili 1993, ndege iliyoichukua timu yetu ilipoanguka baharini karibu na Libreville, miongoni mwa waliopotea walikuwamo walinzi John Soko, Whiteson Changwe, Samuel Chomba na Robert Watiyakeni. Mwaka uliofuata timu iliyoundwa upya ilifika fainali huko Tunis, na bao letu pekee dhidi ya Nigeria lilifungwa na Elijah Litana. Alikuwa mlinzi.

Tukaja 2012. Katika michezo minne ya mwisho ya mashindano yale, yaani dakika 390, Zambia haikufungwa hata bao moja. Fainali dhidi ya Ivory Coast, katika Libreville ile ile, iliisha 0–0 baada ya dakika 120. Joseph Musonda, beki wa kushoto, aliumia mapema akatoka akilia. Baada ya ushindi kocha Hervé Renard alimbeba mikononi ili ashangilie na wenzake. Katika mikwaju ya penalti, mkwaju wa mwisho, ule uliotupa kombe kwa 8–7, ulipigwa na Stophira Sunzu. Naye ni mlinzi, na wakati huo alikuwa akichezea Mazembe. Kwa siku moja mlinzi alikumbukwa. Kwa nini? Kwa sababu alifunga! Zile dakika 390 hazikutosha kumpa jina.

Wapo watakaotujibu kwamba mtu halipi kiingilio ili aone mpira ukizuiwa. Watu wa Mweru wasiliseme neno hilo. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo ziwa huonekana kana kwamba limelala, na mwenye haraka hunung'unika. Lakini samaki anayevuliwa baadaye amelindwa miezi ile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini sisi humshangilia mjenzi wa ukuta, na mziba ufa hatumpi hata asante, kwa kuwa ukuta wake haukuanguka.

Wapo pia watakaosema kwamba zawadi zimekwisha kurekebisha jambo hili, kwani Achraf Hakimi wa Morocco, beki, alitawazwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 2025. Twampongeza. Lakini tangu Bwanga hadi Hakimi ni miaka 52. Na katika Ulaya, tangu 1956, Ballon d'Or ya wanaume imewafikia walinzi watatu tu: Beckenbauer, Sammer na Cannavaro. Walinzi hodari hawakuadimika kiasi hicho. Walioadimika ni wenye macho ya kuwaona.

Basi, ndugu walimu, dawa iko mikononi mwetu. Tuwape wanafunzi zoezi la kusimulia mchezo mzima kwa macho ya mlinzi: alimwona nani akikimbia, alisimama wapi, nini hakikutokea kwa sababu yake. Tuwafundishe vitenzi vyake: kukaba, kupokonya, kuziba, kunusa hatari, kupanga ukuta. Atakayeweza kueleza kwa ufasaha jambo lililozuiwa atakuwa amejifunza Kiswahili kigumu kuliko cha kupiga kelele za bao.

Yule kijana wetu tumemrudishia insha yake bila alama. Tumemwagiza aiandike upya, na safari hii ajiandike yeye mwenyewe.