Gari Kubwa la Zamani au Dogo la Karibuni?



Hapa Awindiri mabishano ya gari hayaishi. Wazee wetu husifu Toyota Mark II: viti vipana, buti inayomeza magunia, na safari ya Koboko huisha bila mgongo kuuma. Vijana wanataka Vitz. Sisi tumesafiri kwa yote mawili, na tunasema: kwa familia nyingi, Vitz inatosha.

Kwanza, mafuta. Mark II nyingi zina injini ya lita 2 yenye silinda sita. Vitz huanza na lita 1. Kwa anayepeleka watoto shule na kupitia sokoni kila siku, tofauti hiyo ni ada ya shule inayoungua kidogo kidogo.

Pili, umri. Sedani ya Mark II iliacha kutengenezwa 2004, na tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15. Basi Mark II utakayouziwa Arua leo si mgeni kutoka Japani. Imekwisha kula mashimo yetu kwa miaka. Muulize fundi kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Ni kweli Vitz haibebi ukoo mzima. Lakini Mark II nayo ni ya watu watano. Kupakia wanane si ukarimu, ni hatari.

Wazazi wenzetu, tusinunue gari ili tuonekane Ijumaa msikitini. Hiyo ni israfu. Tununue lile litakalokaa uani huku ada za watoto zikiwa zimelipwa.

Wabillahi tawfiq.