Hiyo Basari Haikuwa Bure, Alilipa kwa Sura Yake

Najua posti hii itanikosesha kazi, na hapa Ukunda kazi za kamera zenyewe si nyingi. Msimu wa watalii ukiisha, anayenilipa ni mwenye harusi ama shirika linalokabidhi kitu: madawati, tangi la maji, taulo za hedhi, basari. Nimepiga hizo video kuanzia Diani mpaka Lunga Lunga, nikalipwa, nikala. Kwa hivyo msije mkaniambia ati nina wivu na wenye misaada.

Lakini kuna moja imenikwama kooni.

Ni ya msichana wa upande wa Msambweni aliyekuwa ameitwa kidato cha kwanza. Shirika moja, sitalitaja, lilikuwa limepata ruzuku kutoka ng'ambo ya kulipia watoto karo. Siku ya hafla pakapigwa hema, vikaja viti vya plastiki na soda, na mgeni wa heshima akachelewa masaa matatu kama kawaida yao. Kisha nikaambiwa niende na yule msichana kwao nimpige "akiwa kwenye mazingira yake". Yaani nyumba ya udongo, mafiga matatu, nyanyake akichambua mchicha. Nikamwambia asitabasamu. Hilo ni langu mimi, hakuna aliyenituma, nilijua tu ndivyo inavyouza. Akasimama pale na sare mpya, akaulizwa babake yuko wapi, na akajibu mbele ya kamera jambo ambalo naamini hata marafiki zake hawakuwa wakilijua.

Video ilifanya vizuri sana. Likizo ya kwanza ilipoisha, bweni zima lilikuwa limeshaiona. Wakampa jina la utani kutokana na maneno yake mwenyewe, yale aliyoyasema akilia. Na karo je? Ile cheki ya kadibodi iliyokuwa ndefu kuliko yeye ilikuwa ya muhula mmoja. Mwaka wa mradi ukaisha, msichana akatumwa nyumbani kutafuta salio. Yeye alirudi kwao. Video ikabaki mtandaoni.

Sisi watu wa pwani tuna neno la kitu hiki, na ni neno kali: masimango. Ukimlisha mtu halafu ukawa unamkumbusha mbele za watu kwamba ulimlisha, umemsimanga. Mtu mzima akifanyiwa hivyo na shemeji yake anafunga virago usiku huohuo. Sasa sisi tumeyachukua masimango tukayatilia muziki wa piano, tukayapandisha YouTube, na anayesimangwa ana miaka 14, hana virago vya kufunga. Tena si kwamba hatukufundishwa. Msikitini tumeambiwa, kanisani wameambiwa: ukitoa kwa mkono wa kulia, hata wa kushoto usijue. Kwetu wa kushoto ndio umeshika simu.

Jibu lenu nalijua, nimelisikia kwenye vikao vingi. "Mfadhili anataka ushahidi. Bila picha pesa zitaliwa." Pesa huliwa, kweli, nani asiyejua hapa Kenya? Lakini picha inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba palikuwa na hema na soda. Ushahidi wa karo ni risiti ya shule, pamoja na rejista inayoonyesha kwamba muhula wa tatu mtoto bado yuko darasani. Makaratasi hayo yapo shuleni, na hayahitaji sura ya mtu yeyote. Ila rejista haipati laiki, hapo ndipo penye shida.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla hujatumia taarifa za mtoto, na hata ukiipata idhini, lazima uzitumie kwa njia inayolinda maslahi yake. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Mtasema mashirika ya huku yana fomu. Ndiyo, yanazo, nimeziona. Kiingereza kitupu, kurasa mbili, nyanya anaelekezwa pa kuweka kidole gumba huku cheki iko mezani. Hebu mwambieni akatae tuone.

Halafu mbona tunaongea kana kwamba elimu ni zawadi? Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, ni haki ya kila mtoto. Na Kwale si ombaomba. Base Titanium imechimba mchanga wetu kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Kampuni ilikuwa ikisomesha wanafunzi, sawa, shukrani, lakini mgodi umefungwa, na ufadhili unaotegemea ukarimu wa mtu unamfuata mwenyewe akiondoka. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo ya kushikilia: katika mrabaha, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, na 10 ya jamii inayoishi pale panapochimbwa. Hiyo 10 si msaada. Mtoto anayesomeshwa nayo hana deni la machozi kwa mtu. Nguvu tunazotumia kupanga foleni kwenye hema, nusu yake tungeipeleka kuuliza hiyo 10 imefanya nini.

Mkitaka mfano wa karibu, nendeni Gazi. Tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, wanauza kredi za kaboni kutokana na hekta 117 hivi za mikoko wanayoilinda. Pesa ikiingia wanakaa kikao wanaamua wenyewe: maji, vitabu vya shule. Mnunuzi anapewa hesabu ya miti. Kitabu kinamfikia mtoto na hakuna aliyemuuliza babake yuko wapi. Si pesa ya kulipia karo ya sekondari, nakubali, lakini imeingia bila mtu kulizwa.

Sisemi wafadhili waondoke. Tangu Marekani ilipokata misaada ya USAID mwaka 2025, mashirika yanagombania wachache waliobaki, na nayaonea huruma. Ndiyo maana presha ya "tupatie stori yenye hisia" imezidi. Mimi nimeweka sharti: kwenye hafla za msaada sura ya mtoto sipigi. Napiga darasa, mwalimu aliyekubali, mpishi na sufuria lake. Wateja wawili wameshanikimbia. Nyinyi wenzangu mnaoshika kamera Diani, Msambweni, Kinango, mkiambiwa "mwambie alie kidogo", wekeni kamera chini, manake tukikataa sote hawatakuwa na wa kumwita.

Ile video ya msichana kwangu nimeifuta. Mwezi uliopita nikawaandikia shirika nao waifute kwao. Walinijibu kwa heshima kabisa kwamba kwa sasa haiwezekani, manake wameiambatisha kwenye ombi lao jipya la ruzuku.