Ukumbusho Usio na Majina



Liko neno ambalo tumelizoea kiasi cha kutolisikia tena, nalo ni ukumbusho. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wakilichanganya na kumbukumbu, nami kila mwaka niliwarudisha kwenye mzizi. Kumbukumbu hukaa moyoni mwa mtu. Ni mali yake, na siku akifa huondoka nayo. Ukumbusho umetokana na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha, na kitenzi hicho hakitimii mpaka wapatikane watatu: anayekumbusha, anayekumbushwa, na kinachokumbushwa. Mtu akisema "alinikumbusha" kisha akanyamaza, mwenzake atamwuliza: alikukumbusha nini? Dai langu katika makala haya ni kwamba minara yetu mingi ya vita ni sentensi iliyokatishwa hapo. Inatukumbusha, lakini haisemi nani.

Chukueni Sanamu ya Askari, Barabara ya Samora, Dar es Salaam. Mahali pale Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walimng'oa, na mwaka 1927 wakazindua askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maandishi ya jiwe lake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Jambo hilo la mwisho hunifurahisha kila nilionapo, maana ni wachache leo wanaokumbuka kwamba lugha hii ilikuwa na mwandiko wake kabla ya kufika mashine ya chapa. Kiingereza chake kilitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyejua kazi yake.

Alijua kazi yake, na ndiyo maana ninamshitaki kama mshairi. Wapagazi wamesemwa pale kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Walimu wa tamathali wataiita sinekdoki: sehemu kusimama badala ya kizima. Lakini tazameni ni sehemu zipi zilizochaguliwa. Miguu ya kutembea, mikono ya kushika. Kichwa hakimo, na kinywa hakimo. Basi ajitajeje asiye na kinywa? Zaidi ya hayo jiwe linatoa ahadi, kwamba mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeizunguka sanamu ile mara tatu nikitafuta jina moja tu la mtu. Halipo.

Ahadi ya kukumbukwa jina, juu ya jiwe lisilo na majina! Mwanafunzi angeniletea insha yenye ukinzani wa namna hiyo ningemrudishia akaiandike upya.

Kuna atakayenijibu kwamba zamani zile hawakuwa na nafasi ya kuandika majina ya watu wengi. Jibu la hoja hiyo liko kilomita chache tu kutoka hapo, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Nilikwenda huko mwaka niliostaafu, baada ya kusafiri kutwa nzima kwa basi kutoka Singida. Ni bustani hasa: nyasi zimekatwa sawasawa, maua yamepandwa mbele ya mawe, safu zimenyooka kama daftari la mahudhurio. Wamelazwa humo zaidi ya watu 1,700 wa Vita Kuu ya Kwanza, na umo pia ukumbusho wa Waingereza na Wahindi ambao makaburi yao hayajulikani. Hao wasio na makaburi wameandikwa majina, mmoja baada ya mwingine, zaidi ya 1,500. Basi nafasi ilikuwepo. Mafundi wa kuchonga walikuwepo. Palipofika zamu ya Mwafrika ndipo patasi ilipowekwa chini.

Kijana mmoja aliyekuwa akipalilia aliacha jembe lake akanijia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Unamtafuta nani, nikusaidie? Lipo daftari la majina."

Nikamwambia ninamtafuta kaka yake babu yangu mzaa baba, aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita.

"Jina lake?"

Nikanyamaza. Naye kwa adabu akatazama chini, akasema, "Bila jina, mzee wangu, daftari halitusaidii."

Nieleze kwa nini nilinyamaza. Katika ukoo wetu mtu huyo anaitwa "yule aliyekwenda na mzigo." Bibi alimwita hivyo, baba akamwita hivyo, na mimi nimelelewa nikimjua hivyo. Alipochukuliwa alikuwa kijana asiyeoa, kwa hiyo hakuacha mtoto wa kubeba jina lake. Waliomfahamu kwa uso walikuwa wachache, na wengi wao hawakumaliza miaka ile. Nchi yetu ya kati ilikamuliwa na pande zote mbili za vita: Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe na watu; Waingereza, waliofika Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua nafaka na ng'ombe na watu. Kisha mvua zikakosa. Wagogo, ambao wengine wao ni majirani zetu wa Manyoni katika mkoa huu huu, waliiita njaa hiyo Mtunya, na iliwatesa tangu 1917 hadi 1920. Njaa ya namna hiyo haiui watu tu, huua na masimulizi, kwa kuwa hufa kwanza wazee na watoto, yaani wanaosimulia na wanaosimuliwa.

Hivyo hata ahadi ya Kipling, kwamba wana watalikumbuka jina, iliangukia watu walionyang'anywa uwezo wa kukumbuka.

Lugha, hata hivyo, ilifanya kazi ambayo serikali haikuifanya. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Vinywa vya watu vikalisaga jina hilo, vikalitia irabu, likatoka Kariakoo. Leo maelfu hununua nyanya na vitenge Kariakoo ya Dar es Salaam, na Nairobi nao wana yao, bila kujua kwamba wanalitaja jeshi la watu waliokufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa kuchoka. Nathubutu kusema kwamba Kariakoo ni ukumbusho wa wapagazi mkubwa kuliko ile shaba, na haukujengwa na mtu yeyote. Lakini nao una upungufu ule ule: ni jina la kikosi, si la mtu.

Na sisi watunzi? Tuna urithi wa tenzi za vita kuliko mataifa mengi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert alituachia Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vya 1939 hadi 1945, na Henry Muhanika akatunga juu ya Vita vya Kagera. Sijaona utenzi wa wapagazi wenye kadiri hiyo. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba utenzi wa vita hupenda pigo la upanga na jibu la shujaa, na mpagazi hana pigo wala jibu. Ana mzigo. Niliwahi kujaribu ubeti mmoja, nao ndio huu:

Kichwani walikutwika,
Mzigo usioshuka,
Nyayo zako zafutika,
Wewe tukuite nani?

Mwenzangu mmoja wa chuo cha ualimu alinishauri niandike "ulijitwika", akidai kuwa ndiyo heshima kwa marehemu, kumfanya mtendaji. Nilikataa, na bado nakataa. Kujitwika ni hiari ya mtu. Kutwikwa ni amri ya mwingine. Kubadili kauli hapo ni kumsamehe aliyetwika. Viambishi viwili tu, lakini humo mna ukweli wote wa mwaka 1917.

Kwa sababu hiyo hiyo nina shaka kidogo na neno shujaa tunavyolitumia siku hizi. Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Ni ibada ninayoipenda: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, na wengine huweka upinde na mishale, na shoka. Zana hizo husema Kiafrika kuliko hotuba nyingi. Na wanaokumbukwa wanastahili. Wapo waliolala Kaboya, wilayani Muleba, waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979. Vita hivyo havikupiganwa na wanajeshi peke yao, maana walikwenda pia mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Nilikuwa kijana wa sekondari wakati huo na niliwaona wakubwa zangu wakipanda malori. Wapo waliolala Naliendele, Mtwara. Wapo saba waliouawa Darfur tarehe 13 Julai 2013, na wenzao waliouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, wakiwa walinda amani. Hao wote majina yao yameandikwa mahali, na mama zao wanajua pa kuweka ua.

Shaka yangu ni kwamba neno mashujaa, likiwa katika wingi na likiwa peke yake, huwameza wasiofanana. Mpagazi aliyefungwa kamba asitoroke hakuwa shujaa kwa maana ya kamusi. Alikuwa mtu. Tukimpa cheo hicho bila jina tunamlipa kwa sarafu isiyotugharimu kitu.

Wenye makaburi wenyewe wamekwisha kuungama. Mwezi Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Na Januari 2025 huko Cape Town, ndani ya bustani ya zamani ya mji, ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita ile bila kubeba silaha. Majina zaidi ya 1,700 yamechorwa juu ya nguzo za mbao, na mbao zenyewe ni za mvule. Mtembeleaji hupita katikati ya nguzo kama apitaye msituni, jina moja kwa nguzo moja. Picha zake zilinifanya nisimame na kutembea chumbani. Kumbe inawezekana.

Sasa nirudi nyumbani. Singida tunajua nguvu ya jina. Uwanja wetu wa mpira, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa ni Uwanja wa Liti, kwa jina la mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi husema aliwashinda kwa nyuki. Kila timu ikicheza, mtangazaji wa redio hulitaja, na mtoto asiyejua historia humwuliza baba yake Liti ni nani. Hivyo ndivyo kitenzi kukumbusha kinavyopata yambwa yake.

Napendekeza, basi, bustani ya majina katika mji wa Singida. Haihitaji shaba. Mawe tunayo kuliko mkoa wowote, yamejipanga yenyewe kuzunguka Ziwa Singidani, na mninga wa Manyoni haushindwi na mvule kwa kudumu. Waandikwe wapagazi na askari wa vita zote mbili kuu, mgambo wa 1978, na pia watumishi waliofia kazini bila bunduki: mwalimu aliyesombwa na korongo akienda shuleni, muuguzi aliyeambukizwa wodini. Asiyepatikana jina lake aandikwe alivyoitwa na ukoo wake. "Yule aliyekwenda na mzigo" ni maneno manne; yanaenea juu ya ubao mmoja.

Kazi ya kuyakusanya ni yetu sisi wa lugha kabla haijawa ya mafundi, na ina tatizo ambalo ninaomba maoni yenu. Kinyaturu kina irabu saba. Mwandiko wa Kiswahili una tano. Makarani wa zamani waliyabana majina ya watu wetu katika tano hizo, na wengine waliyaandika kwa masikio ya Kijerumani, hata mjukuu akiyasoma leo hamtambui babu yake. Wapo wanaosema tuyaandike kwa irabu tano ili msomaji yeyote wa Tanzania ayatamke. Mimi naona jina juu ya kaburi haliandikwi kwa ajili ya mpita njia. Liandikwe kama mama yake alivyoliita jioni, akimwita arudi nyumbani, hata ikibidi tuongeze herufi mbili na kumfundisha mchongaji namna ya kuzichonga. Nimekwisha kununua kaunta buku, na wiki ijayo naanza na wazee wa tarafa yetu. Walio Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni wasiningoje.