Unga wa Kuchezea na Ng'ombe wa Nyanya

Mama mwenzangu, shule zimefungwa, Krismasi inabisha hodi, na hao watoto ulio nao nyumbani wamekwisha michezo yote wanayoijua hata kabla ya saa nne asubuhi. Kwangu, hapo ndipo sufuria hutelekwa, si kwa chakula bali kwa unga wa kufinyanga.

Pima vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi, uvitie sufuriani pamoja na vikombe 2 vya maji, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia na vingine 2 vya maji ya limau. Koroga kabla ya kuweka motoni mpaka madonge yaishe, kisha uinjike kwenye moto wa wastani na usonge kama ugali. Mwanzoni utaona uji na kudhani umeharibu. Endelea tu. Baada ya dakika chache utashikana na kuachana na sufuria. Epua, ngoja upoe kabisa, halafu waite wakande. Moto ni wako, kukanda ni kwao.

Rangi huna haja ya kununua. Maji yaliyochemshiwa bitiruti hutoa waridi, na manjano ya pilau hutoa rangi ya jina lake (wavalishe nguo kuukuu, kwani haitoki). Mimi huongeza mdalasini na tangawizi ya unga, nyumba nzima inukie sikukuu. Wape glasi, kifuniko cha chupa na kifimbo cha chapati, nawe upate nafasi ya kuchambua mchele.

Lakini harufu hiyo ndiyo mtego. Mtoto mdogo atadhani ni biskuti. Donge la kujaa kijiko cha mezani lina chumvi ipatayo kijiko cha chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asifikishe hata gramu 5 kwa siku. Akiramba hakuna neno, atatema mwenyewe. Akimeza mengi ni hatari. Anayetia kila kitu mdomoni usimwache peke yake nao, na mbwa asiufikie kamwe, maana unaweza kumuua. Ukifungwa vizuri ndani ya mkebe hukaa majuma kadhaa. Ukiota ukungu, tupa.

Sasa niwaambie yaliyonipata Desemba iliyopita. Mama yangu alifika kutoka mashambani akatukuta tumejipaka unga hadi kwenye nyusi.

"Mnachezea unga?" akauliza, kabla hata ya kutua mzigo.

Nikaanza kumweleza habari za vidole vya mtoto kupata nguvu za kushika penseli. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mwaka wa 1984, wakati wa ukame, alipiga foleni tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akingojea mahindi ya manjano. Hakuongeza neno, akaingia chumbani.

Sikuwa na jibu. Unga ule ulikuwa mzuri, wa kupikia chapati, na nyumba ya pili walikuwa wakikopa. Tangu siku hiyo situmii ila ule uliovamiwa na fukusi au uliopita tarehe yake, baada ya kuuchekecha. Watoto hawajaona tofauti.

Jioni kitinda mimba wangu alimpelekea donge. "Nyanya, nifinyangie ng'ombe."

Nilidhani atakataa. Aliligeuza, akalinusa, akauliza ni nani aliyetia tangawizi. Kisha vidole vikaanza kwenda vyenyewe, kama alivyofanya utotoni na udongo wa mtoni: miguu minne, pembe ndefu, nundu.

"Ng'ombe hana hiki," mtoto akasema, akigusa nundu. "Wa pakiti ya maziwa hana."

"Huyo wa pakiti ni wa kizungu," nyanya akajibu. "Niletee donge jingine, huyu anataka ndama."