Setilaiti haina fundi: Kwa nini vifaa vyake hupimwa kwa nguvu kubwa kabla ya kurushwa

Desemba 2024, Umoja wa Ulaya ulisaini mkataba wa IRIS², mtandao wa setilaiti takriban 290 wa euro bilioni 10.6. Stori nyingi zikabaki kwenye pesa na ushindani na Starlink. Kazi ngumu iko kwenye chumba cha majaribio.

Chukua filta ya setilaiti. Ni kipande cha chuma chenye uwazi ndani, kinachopitisha mawimbi ya redio kwenda kwenye antena. Angani hakuna hewa, hivyo elektroni moja ikigonga ukuta inang'oa nyingine, nazo zinarukia ukuta wa pili zikifuata mdundo wa wimbi lenyewe. Kufumba na kufumbua, ni kundi zima. Wataalamu wanaita multipaktori. Mawasiliano yanaingia kelele, au filta inaharibika kabisa.

Huko Valencia, Hispania, Shirika la Anga za Juu la Ulaya lina maabara ya kazi hii. Kifaa kinawekwa kwenye tangi lililonyonywa hewa, kisha amplifaya inakisukumia nguvu kuzidi ile kitakayobeba angani. Sio amplifaya ya spika za harusini hii. Kifaa kikizidiwa, nguvu inarudi ilikotoka, na bila kinga ya kuielekeza pembeni, amplifaya yenyewe ndiyo inaungua. Bei yake si ya mchezo.

Kuna mtego pia. Pasipo elektroni ya kuanzisha vurugu, hata kifaa kibovu kinafaulu. Ndiyo maana maabara huweka chanzo cha mionzi, mfano strontiamu-90, kumwaga elektroni makusudi.

Sasa kampuni zinataka setilaiti zitoke kiwandani kama magari, na majaribio haya yanakula muda. Kanuni za Ulaya zinaruhusu kutegemea hesabu za kompyuta, ila zinadai akiba kubwa zaidi ya usalama.

Kwa setilaiti ndogo za chini, kubahatisha kidogo kunaeleweka: moja ikifa, zipo nyingine. Zile za kilomita 36,000, zinazorusha TV hadi kwenye madishi ya Dar na Mombasa, hutarajiwa kudumu miaka 15 hivi. Filta ikifa huko, chaneli zilizopitia hapo zinakatika, na mwenye setilaiti anabaki kuongea na kampuni ya bima.