Jalada la Kitabu cha Aliyefiwa



Wiki hii nimekuwa na kazi ambayo sikudhani ingeninyima usingizi: kuchagua jalada la kitabu chetu kidogo cha kuwafariji waliofiwa. Kijana anayenichorea alinitumia picha mbili kwa simu. Ya kwanza ina jua linalochomoza, mawingu na njiwa mweupe. Ya pili ni nyeusi, ina msalaba na mshumaa mmoja.

Niliipenda ya kwanza. Mimi ni mhubiri wa ufufuo, nitaanzaje na giza? Lakini kabla ya kujibu nikamwonyesha mama mmoja wa kanisa letu hapa Kayole, aliyemzika mumewe mwaka jana. Akaitazama, akasema, "Pasta, hii ni kama programu ya mazishi. Niliishika siku moja, ikanitosha." Nikamwonyesha ya pili. "Hii nayo siwezi kuisoma kwa matatu. Kila mtu atajua."

Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa nachagua jalada la kunipendeza mimi ambaye sijafiwa.

Sisi wahubiri tuna haraka sana. Mtu hajamaliza kulia, tumeshamwambia anyamaze kwa sababu Mungu ana mpango. Soma Yohana 11. Yesu alijua kwamba muda si mrefu Lazaro angetoka kaburini, lakini alipomwona Mariamu analia, naye alilia. Hakuyaruka machozi ili aufikie muujiza. Na Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Hakutaka wahuzunike kama watu wasio na tumaini.

Watu wa Eastlands tunalijua tumaini hilo. Unakumbuka Huruma, Aprili 29, 2016? Mvua kubwa ilinyesha, jengo la ghorofa likaporomoka usiku, tukapoteza watu karibu 50. Siku ya nne, wengi wakiwa wanangoja miili tu, waokoaji walimtoa mtoto mchanga chini ya kifusi akiwa hai, amefungwa blanketi. Tulimshukuru Mungu. Lakini mama yake hakupona. Shangwe na kilio vililala nyumba moja. Ukichora tumaini la kwetu, usilipanguse vumbi.

Kwa hivyo nimemwomba kijana aanze upya. Achore ghorofa kama hizi zetu, kabla ya kupambazuka, na dirisha moja lenye taa. Aliyefiwa atalijua dirisha hilo: ni lake, saa kumi usiku, hajalala. Jirani naye akiiona taa atajua mlango wa kubisha. Na jina la kitabu liwe na herufi kubwa, lisomeke hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

Mpendwa, hata wewe usiyechapisha kitabu, neno lako la kwanza katika nyumba ya msiba ndilo jalada lako. Usianze na mahubiri. Sema pole, keti kwenye kile kiti cha plastiki, unyamaze. Kisha rudi baada ya tenti kung'olewa na wageni kwenda zao. Huo ndio wakati nyumba huwa kubwa.

Na kama ni wewe unayelia usiku huu, lia. Bwana aliyelia Bethania yuko karibu nawe, na neno la mwisho juu ya kaburi ni lake.

Ni nani utakayembishia hodi wiki hii? Mwombee sasa hivi, kisha uende.

Ubarikiwe.